Niliipeleka RAM Kwenye Kisu

Jumamosi, Mbalibali. Asubuhi mvua imetuachia tope, sasa jua limerudi na mimi nina furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Naandika kwa simu, kidole kimoja. Atakayecheka herufi zangu aje tulime heka moja, tuone nani atacheka mwisho.

Nakiri kosa mapema, nisije nikajificha.

Mjukuu wangu Weigesa huchora ramani za nyumba za watu. Kompyuta yake ya zamani ilikufa, akawa anaunda nyingine, kifaa kimoja kimoja. Jumatatu anakabidhi ramani ya nyumba ya mwalimu wetu; asipokabidhi, kazi anapewa mtu mwingine. Kilibaki kifaa kimoja tu, ile kumbukumbu wanayoiita RAM. Juzi nilikuwa naenda Mugumu sokoni, akaniandikia kikaratasi: DDR4.

Dukani nikakuta kuna DDR4 na kuna DDR5. Darasa la nne sikumaliza, lakini tano ni kubwa kuliko nne, hilo halihitaji cheti. Nikasema nipe tano.

Fundi akasema, "Shikamoo bibi. Soketi ya prosesa ni ipi?"

"Marahaba. Wewe mura, kijana mdogo hivi, unauza au unanihoji kama hakimu?"

Akanifungia hiyo DDR5. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Jana mchana Weigesa alikuwa kisimani. Nikaona nimfurahishe, nimalizie mwenyewe. Nikaiweka RAM mahali pake. Haikuingia. Chini yake ina pengo dogo, na pale inapokaa kuna kijino. Vimepishana kidogo tu, kama punje ya ulezi. Nikasukuma. Nikasukuma tena.

Sasa, sisi huku mpini usipoingia kwenye jembe unachongwa. Nimechonga mipini tangu nilipoolewa, na hakuna jembe lililonishinda. Nikachukua kisu cha jikoni.

Ndiyo. Kisu.

Nilikuwa nimekwangua mara mbili Weigesa alipoingia na ndoo kichwani. "Bibi! Unaua!" Maji yote chini. Nikamfokea kwa kumwaga maji.

Leo tumekwenda Mugumu wote wawili kwa pikipiki moja. Fundi akaigeuza RAM kwenye mwanga. "Nani kakwangua hapa?"

Weigesa akafungua mdomo. Nikajua anataka kunisitiri, aseme ni yeye. Mimi nimewachapa watoto wangu kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Ni mimi," nikasema. "Kwa kisu cha kukatia nyama. Na juzi uliniuliza swali la maana, nikakujibu ovyo."

Fundi akacheka mpaka akatafuta kiti. "Bibi, ungegusa hivi vipande vyenye rangi ya dhahabu, sasa hivi tungekuwa msibani." Akaipachika kwenye mashine yake nyingine inayotumia DDR5. Ikawaka! Akaipokea, akatupatia DDR4 badala yake.

Kisha akanifundisha, na nyinyi mnaojidai wasomi sikilizeni. Prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, inakaa kwenye soketi, na soketi iko kwenye mazabodi, lile bao kubwa la ndani. Soketi ya AM4, kama ya Weigesa, inataka DDR4. AM5 inataka DDR5, usibishane nayo. Soketi ya 1700 ndiyo yenye mtego: kuna mazabodi zake za DDR4 na kuna za DDR5, kwa hiyo jina la soketi halitoshi, soma maandishi ya bao lenyewe. Ukibahatisha utanunua kitu kipya kisicho na pa kukaa.

Kompyuta imewaka. Weigesa anachora, nyumba ya mwalimu imeshapata madirisha. Ameniambia nisisogee karibu. Ana haki.

Kuna jambo moja linanikera. Yule fundi aliniuliza maneno matano tu. Ningejibu "sijui", tungemaliza palepale. Neno fupi hivyo, na umri wote huu sijawahi kulisema mbele ya mtu niliyemzidi miaka.

Nitaanza kesho, tukitoka kanisani. Nimeona kwenye ramani Weigesa ameuweka mlango wa jikoni upande unakotoka upepo, moshi wote utaingia ndani. Amekosea, nina hakika.

Lakini nitauliza kwanza.