Nilimkata Bibi Marta Sauti

Mjomba Tluway,

Shikamoo. Nimeandika hivyo halafu nikajikuta nangoja uitikie, kama mjinga. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike kule shambani, na bado nikipita kwenye kibanda chako cha kutengeneza redio najiandaa kukuamkia kabla hujaniwahi na utani wako, eti muziki wangu ni mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe. Kibanda kimepangwa na dada mmoja kutoka Singida, anauza makava ya simu. Kakipaka rangi ya waridi. Ungenuna siku tatu.

Sanduku la santuri na ile mashine ya kuzichezea mkeo alinipa mimi. Alisema, "Chukua, wewe ndiye uliyekuwa unabishana naye." Nililia sana. Wiki haikuisha, nikawa nimeshaitoa santuri ya Bibi Marta nikaikata kipande cha kuingiza kwenye muziki wangu. Nakuandikia kukiri hilo, na jingine baya zaidi.

Siwezi kusema sikuambiwa. Bibi Marta angali msichana walikuja watu na vyombo vya kurekodi huko Mbulu, akaimba na wenzake, na baada ya muda mrefu ikamrudia santuri moja tu. Hakuwa na cha kuichezea, akaiweka kwako. Kila siku ya mnada aliposhuka mjini kutoka Ganako alikaa kwenye kigoda chako akajisikiliza. Sharti lake lilikuwa moja, nawe ukamwahidi: ikianza, imalizike. Wimbo wenyewe ni wa kufukuza mabaya. Yeye anayataja mwanzoni, moja moja, njaa, kikohozi, ugomvi wa ndugu, na wenzake wanaitikia chinichini tu. Mwishoni kabisa ndipo wote wanayatupa bondeni, kusikokaliwa na mtu. Ukiukatiza katikati, umeyaita mabaya ukayaacha yamekaa sebuleni.

Nakumbuka siku umeme ulipokatika santuri ikiwa inazunguka. Kuna mteja alikuwa amesimama na redio yake kwapani, anasubiri. Wewe ukaweka kidole juu ya santuri ukaanza kuizungusha mwenyewe, polepole, na sisi tukainamisha masikio karibu na sindano kusikia kile kisauti chembamba kikipanda na kushuka. Ulizungusha hadi mwisho. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka. Bibi Marta hakucheka, alikushukuru.

Alipokwisha kufa nilikuomba nichukue kipande chake kimoja. Ulisema, "Hii hapana, Tere. Hii haikatwi." Nikakuomba tena mwaka uliofuata. Hapana.

Basi sikia nilichofanya. Nilichukua pale anapotaja kikohozi. Sekunde nne. Sauti inapanda halafu inavunjika kidogo, na hujui, Mjomba, inavyokaa juu ya besi. Nikaiingiza kwenye kile kimashine changu cha vitufe ili nikibonyeza ijirudie na kujirudia, huku mkono mwingine unapandisha ngoma. Maneno nilikuwa nayaelewa. Nilijiambia watakaosikia ni wageni, kwao ni sauti tu.

Jumamosi moja alasiri niliitwa kupiga kwenye kempu ya watalii nje kidogo ya mji. Walikuwa wametoka kuona wanyama kreta, vumbi hadi kwenye kope, wanataka kurukaruka. Wakaruka. Nilikuwa na raha, nakwambia ukweli, raha ambayo sijaiona tangu ufe. Kisha mpishi akatoka jikoni, mwiko mkononi, anaangalia huku na huku kama mtu aliyeitwa. Alikuwa Mama Emanueli, binti yake Bibi Marta. Sikujua kwamba anapika pale.

Alikuja akasimama mbele ya spika. Hakupaza sauti, ikabidi nizime ndipo nimsikie.

"Huyo ni aayo," alisema. "Huyo ni mama yangu. Mbona hamalizi? Anakiita kikohozi tu, hakifukuzi. Na kikohozi ndicho kilichomuua."

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Akaniuliza nani alinipa. Ulimi hauna mfupa, Mjomba. Nikasema, "Mjomba Tluway aliniruhusu kabla hajafa."

Ndilo hilo jingine. Uso wake ukalegea palepale. Akasema, "Kama ni Tluway, basi," akarudi kwenye ugali wake. Ningeshukuru angenichapa na ule mwiko.

Kile kipande nilikifuta siku hiyohiyo, nikidhani yameisha. Njia ya mwongo ni fupi. Wiki mbili baadaye tukakutana sokoni, nikamwona amepoa kuliko nilivyomzoea. Aliulizia habari za nyumbani, akachagua vitunguu vyake, halafu akaniuliza bila hasira yoyote, "Hivi Tluway alisahau alichomwahidi mama?" Nikamwambia sijui. Alisema labda uzee. Kisha akasema labda watu hubadilika tu, hata wale unaowaamini. Nilisimama pale nikiona jina lako linachakaa, na mimi ndiye niliyelichakaza, na bado nikakaa kimya hadi akaondoka. Nina hasira na nafsi yangu hadi leo kwa ule ukimya kuliko hata kwa ule uongo.

Juzi nikaenda Ganako kwa miguu, santuri nimeifunga kwenye kitenge. Nilimkuta Mama Emanueli anachambua maharage uani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuulizia mvua.

"Kwa hiyo Tluway alikataa?"

"Alikataa. Mara mbili."

Aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa kanga akalia, na kuna wakati nadhani alikuwa anacheka humo ndani. "Basi alitimiza," alisema. Alilirudia hilo kama mara tatu. Kuhusu mimi alisema tu, "Wewe sasa, Tere, sijui." Hakunikaribisha chai. Aliipokea santuri kwa mikono miwili akaiingiza ndani, na mle ndani hamna cha kuichezea. Nimemwambia mashine yako nitaipeleka siku atakayoitaka.

Sikudanganyi kwamba nimetulia. Sandukuni mwako zimebaki santuri za bendi za zamani ambazo bado nazikata, na usingizi nalala. Hizo nani aliniruhusu? Waimbaji wengi wamekufa, watoto wao siwajui. Wenzangu wa Arusha wananicheka, "Acha uoga, Tere, ya kale ni ya wote." Labda. Lakini sasa kila nikibonyeza kitufe naangalia kwanza mlangoni kama kuna mtu anatoka jikoni.

Nimewaza hivi, na kuwaza peke yangu bila wewe wa kunibishia kunanichosha. Bibi Marta nilimchukulia sekunde nne. Wewe nilikuchukulia zaidi. Nilishika jina lako nikalisemesha neno ambalo hukuwahi kulisema, tena nikijua huwezi kutoka huko ulipo uje kunikanusha. Kama kuna wizi wa sauti, ule ndio mkubwa niliowahi kuufanya, na sikuhitaji mashine yoyote.

Nisamehe, Mjomba. Najua huwezi kusema umenisamehe, na safari hii sitakusemea.

Pumzika. Nakuahidi hivi: popote nitakapopiga, mtu yeyote akiniuliza mjomba wangu alisema nini kuhusu santuri ile, nitamjibu kwamba alisema hapana.

Mpwa wako,
Tere