Sanduku Lako la Dar Limejaa

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini barua ya kwako siwezi kuianza bila shikamoo. Ungeninunia mpaka saa ya chai.

Tangu tulipokuzika kule Lumemo, ofisi yetu ya chama cha wakulima imepooza. Watu wapo, wanaingia na kutoka, wanauliza mbegu. Ila hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia, "Leo modemu imelia vibaya," akanielewa. Juzi nilimwambia mhasibu kwamba laini inakatika kabla barua hazijatoka. Akanitazama, akaniuliza kama nimekula. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya ghala kulia. Hayo ndiyo maisha yangu sasa.

Kila Ijumaa bado natuma taarifa ya mto kwa barua pepe: maji yamefika wapi, pantoni inavuka au imefungwa. Inakwenda parokiani, kwenye mashamba ya miwa, kwa wanunuzi wa mpunga, na kwa masista wa zahanati ya ng'ambo, wale wanaopokea barua pepe kwa redio kol, maana laini ya simu haijawafikia. Na anwani mpya bado nazikagua kwa mtindo wako. Kila anwani tunaitumia "Hodi" peke yake, na mwenyewe akijibu "Karibu" ndipo anaingia kwenye orodha. Hodi tatu zikipita kimya, tunaondoka mlangoni kama watu wenye adabu, na jina linafutwa. Unamkumbuka yule mzee wa Viwanja Sitini, tulipomwomba anwani ya barua pepe akatuandikia "Ndugu", jina lake, na S.L.P. Ifakara? Ulicheka mpaka miwani ikadondoka. Halafu ukamtetea: "Yustina, usimcheke. Bila Ndugu, kompyuta itajuaje kwamba ni mtu mzima?"

Masika yalipoanza, taarifa ikagoma kwenda. Nilibadilisha waya wa simu. Nilikausha modemu kwa feni. Nikawalaumu panya wa darini, na safari hii maskini hawakuwa na kosa. Laini ilikuwa inashika, inaanza kuvuta barua zinazoingia, na kabla zamu ya zetu kutoka haijafika, mvua inaikata. Nikipiga tena, inaanza mwanzo. Ijumaa moja taarifa ikalala hapa hapa.

Kesho yake Sista Redempta, mkuu wa ile zahanati, alimtoa mama mwenye uchungu ili avuke kuja hospitali. Walipofika mtoni wakakuta pantoni imefungwa. Mama akajifungulia ukingoni kwenye tope, wamemshikia turubai. Mtoto alikawia kulia. Wako hai wote wawili, namshukuru Mungu. Maji yalipopungua, Sista alikuja ofisini na wala hakunigombeza. "Ningejua, Yustina, ningembakiza ndani, kwenye kitanda na taa." Bora angenigombeza.

Nikampigia yule fundi wa Dar anayetutunzia barua. "Dada, sio mvua tu," akasema. "Kuna sanduku la mtu kwenye orodha yenu limejaa. Kila mnachomtumia kinarudi kwenu kizima kizima, na ndicho kinachoanza kushuka kwenye laini. Hebu soma jina."

Nisome nini, Kaka? Nilikuwa naliona kila wiki. Ulijiweka wa kwanza kwenye orodha ili ujue kama taarifa inafika, na sasa hakuna wa kukufungulia barua zako. Mimi nilikuwa nikiona jina lako limerudi, moyo unatulia kidogo, kama vile umepita dirishani. Sikujua ndilo linaloziba njia.

Hata hivyo sikuthubutu kulifuta peke yangu. Shati lako tu liligawiwa mbele ya ukoo siku ya kuondoa tanga, sembuse jina. Nikaenda Kibaoni kwa mkeo, Mama Stella, nikamweleza kwamba una sanduku Dar na limejaa. Uso ukambadilika. "Sanduku Dar? Tangu lini? Na funguo anazo nani?" Nikaelewa kuwa ameshakutafutia nyumba ndogo huko mjini. Nilikutetea mpaka jasho likanitoka! Alipoelewa alicheka, na ndiyo mara ya kwanza namsikia akicheka tangu msiba. Kisha akarudi kuchambua mchele ambao ulikwisha kuwa safi. "Kafunge, mdogo wangu," akasema. "Gaudensi hakuwa mtu wa kumzibia mwenzake njia."

Sikutaka kukuondoa pasipo heshima. Nilikutumia hodi zako tatu, moja baada ya nyingine, na zote zikarudi. Leo asubuhi nimekufuta.

Laini iliposhika, taarifa ilitoka yote kwa mara moja, mvua ikinyesha. Baadaye Sista akajibu: "Tumepata. Hatuvuki leo." Nilipaswa kufurahi, na kweli nilifurahi. Ila niliendelea kukaa mbele ya mashine, nikisubiri, mpaka mhasibu akaniuliza nasubiri nini. Hakuna kilichorudi, Kaka. Tulipokuzika kulikuwa na watu wengi, tulililiana mabegani. Leo nilikuwa peke yangu.

Kwaheri, Kaka Gaudensi. Pumzika. Mama Stella nitampitia kila Jumapili baada ya misa, na taarifa ya mto haitalala tena mikononi mwangu, hilo nakuahidi. Barua hii nimeiandika kwa kalamu na nitaiacha kaburini. Ningekutumia kwa mashine ingerudi, nami ningefurahi kuliona jina lako, na mama mwingine angejifungulia mtoni.

Mdogo wako,
Yustina