Chuma Tulichokiita Mama Mkwe

Kaka Mafuru,

Huku duniani nimeula, ndugu yangu. Yadi yetu ya barabara hapa Musoma imeuzwa, watu wamerudishwa makwao, halafu tajiri mpya kaangalia kushoto, kaangalia kulia, kaniona mimi Masatu. Sasa mimi ndiye msimamizi wa vyuma vyote vinavyofungwa kwenye makatapila ya kwenda kusafisha pori Buhemba. Mtu wa darasa la sita! Wenye vyeti wamebaki kukodoa macho. Ungekuwepo ungesema, "Masatu, punguza chumvi." Lakini haupo, kwa hiyo chumvi naweka nitakavyo.

Mambo yamebadilika. Sabuni ipo, sukari ipo, maduka ya Iringo yamejaa mpaka barazani. Zile safari zangu za Sirari mpakani, kuvusha sabuni za magendo ndani ya tairi la spea, ambazo nilikuwaga nakusimulia kama vile nimetoka Ulaya, leo zingechekesha watu. Kila kitu ruksa. Ila kazi ndiyo hakuna. Miaka ile tulikuwa na mashine, nati hatuna. Leo nati zinauzwa kila duka na mashine zenyewe zimekufa. Sasa hapo mtu amshukuru nani?

Huyo tajiri ametoka Mwanza. Siku aliyokuja aliamuru vyuma vyote vya nyuma ya stoo vitolewe kwenye majani, vipangwe juani. Akatuambia mafundi watatu tuliobaki, "Anayejua kazi ya kila chuma atabaki na mimi. Asiyejua, kwaheri."

Nilicheka moyoni. Nani angeniweza, wakati mchezo ule ndio uliotulea mimi na wewe? Unakumbuka makasha yalivyokuwaga yanashushwa, vyuma bila mashine zake, na vitabu vya maelezo kwa lugha ambayo hata injinia alikuwa anatazama picha tu? Saa ya chai tunakaa kubahatisha. Mimi nasema, "Hiki cha kukamulia ng'ombe wa Wazungu." Wewe unaweka kiganja kwenye chuma, unatafuta rangi ilipokwanguka. "Ngoja kwanza kifanye kazi, tuone kinalika wapi." Ukishajua, ndipo unakipa jina. Cha meno matatu ukakiita Kucha. Pipa lenye vigingi, Guu la Kondoo. Na kile cha mikono miwili mirefu, iliyopanda kupita kichwa cha dereva na kuunganishwa mbele kwa nondo nene yenye meno, ukakiita Mama Mkwe.

Kwa Mama Mkwe nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Nikasahau kukuuliza kwa nini.

Basi tajiri akapita na daftari. Kucha? Nikajibu, cha kuchimbua ardhi ngumu. Sawa. Guu la Kondoo? Cha kushindilia udongo. Sawa. Wenzangu wawili wameshaanza kuangalia chini. Tukafika.

"Na hiki?"

"Hiki ni Mama Mkwe, bosi."

"Sijauliza ukoo wake. Kazi yake nini?"

Mafuru, jasho lilinitoka mpaka kwenye kandambili. Nikasema, "Cha kunyanyulia mabomba ya maji, bosi. Kisumu nimekiona kwa macho haya."

Mama Bhoke, yule yule wa vitumbua getini, alitua beseni akacheka mpaka akashika kiuno. "Wee Masatu, mabomba gani? Si ndicho marehemu Mafuru alikuwaga anasukumia miti njia ya Butiama? Mikono mirefu hiyo ili mti uangukie kule, usimwangukie dereva. Alisema ni kama mkwe, unamheshimu kwa mbali."

Kwa mbali. Kwetu mtu akimwona mama mkwe wake njiani anaingia kwenye majani ampishe, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara ngapi! Kazi yote ya kile chuma ulikuwa umeiweka ndani ya jina. Mimi nikachukua kichekesho, nikaacha maana. Na siku mnaangusha hiyo miti nilikuwa Sirari na sabuni zangu.

Na kitabu cha maelezo cha hicho chuma je? Kilikuwa na michoro. Ni mimi niliyekichana nikampa Mama Bhoke afungie vitumbua, maana karatasi hazikuwepo mjini. Nikajisifu nimemsaidia mama wa watu. Jibu la tajiri nililila mwenyewe, na mafuta yake.

Nimekasirika, kaka. Na wewe nimekukasirikia. Ulikuwa unaona ninavyocheka, mbona hukunipiga hata kofi? Halafu homa ya wiki moja tu, ukaondoka. Siku ile hospitali ulinishika mkono ukasema, "Masatu, vile vyuma..." Mimi nikakukatiza. Nikaanza kukusimulia Nairobi, habari za Nairobi ulizokwisha kuzisikia mara mia, ili ucheke. Ukacheka kidogo. Nikakwambia utanieleza ukipona. Nilidhani nakutia moyo, kumbe nakuziba mdomo. Hilo ndilo linaloninyima raha, sio huyo tajiri na daftari lake.

Lala salama huko Butiama. Shemeji na watoto nitawapelekea sangara kila nikipata usafiri. Na nakuahidi, watoto wako nitawafundisha kila chuma, jina pamoja na kazi yake. Nisichokijua nitawaambia sikijui. Kwangu hilo ni gumu, unanifahamu.

Na ile kazi ya usimamizi niliyokuandikia pale juu, kwa jibu lile la mabomba sikuipata. Nilikudanganya. Amepewa mtu kutoka Bunda.

Ni mimi mdogo wako,
Masatu