Muuzaji wa Mbele ya Kulwa

Jumatatu, 3 Machi
Kahama. Habari ya tumbaku ya Ushetu imekwenda saa nne. Mhariri ameikata nusu. Sawa. Chai, chapati moja. Kisha nimempigia Kulwa, Kagongwa, kama kila asubuhi. Lazima nianze na "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, la sivyo haitikii. Ni pacha wangu. Alinitangulia kuzaliwa na hajaniacha nisahau.

Leo ameweka hisa zake sokoni kwa simu, zote 732. Ni za benki, alizonunua kidogo kidogo kila mchele anaouza ulipolipa. Anauza kwa ajili ya upasuaji wa nyonga. Hospitali ya Mwanza imempa tarehe 17 na inataka malipo kabla ya kumlaza. Nilisema nitalipa mimi. Amesema mdogo hamlipii mkubwa. Tumeishia hapo.

Jumanne, 4 Machi
Hazijauzwa. Bei aliyoweka ni ya kuanzia, kama afanyavyo kwenye mchele, akingoja mtu aombe apunguziwe. Kwenye simu hakuna anayeomba.

Nimemweleza ile orodha inayoonekana kwenye simu yake. Kushoto wanaotaka kununua, kulia wanaotaka kuuza. Bei na idadi tu, majina hakuna. Bei zikilingana, aliyefika kwanza yuko mbele. Na kwamba orodha inaonyesha watu wanachosema wanataka. Mtu anaweza kujiondoa kabla hujanyanyua kidole.

Ameelewa haraka. Amesema ni meza za sokoni tu. Kuna muuzaji mmoja mbele yake, basi. Nimemshauri ashushe bei kidogo ampite.

Alhamisi, 6 Machi
Hakushusha. Nimeuliza kwa nini. Kwenye soko la mchele Kagongwa, uliyemkuta akiwa hajauza, hukai ubavuni mwake ukataja bei ya chini. Anayefanya hivyo hasalimiwi. Nimemwambia soko la hisa halina ubavu.

"Huyo ni mtu, Dotto. Nani anauza hisa zake kwa raha?"

Nimekasirika. Sikuonyesha. Mama Shija wa meza ya pili akamnyang'anya simu. "Mwandishi, mwambie dada yako huo mchele wake wa kwenye simu haunukii. Nani ataununua?" Nimemsikia Kulwa akicheka. Nikacheka na mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Geita, kikao cha wachimbaji wadogo. Kulwa amepiga katikati ya hotuba, nikatoka nje. Mnunuzi mkubwa ametokea kushoto. Anataka nyingi kuliko alizonazo Kulwa, kwa bei ya chini kidogo tu ya aliyoweka. Nimemwambia auze sasa hivi.

Amesema amwachie kwanza yule wa mbele. Labda ana haraka kuliko yeye.

Mchana mnunuzi ametoweka. Hakununua kitu. Yule wa mbele naye hakuuza.

Jioni Limi, binti yake, ameniambia mama yake sasa anatembea kwa kushika ukuta. Kulwa mwenyewe hakunigusia. Fedha za mauzo huchukua siku kadhaa kufika. Zisipouzika mwanzoni mwa wiki ijayo, tarehe inampita, na foleni ya hospitali ni ya miezi.

Ninaogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Kagongwa. Soko la hisa limefungwa, la mchele limefurika. Kulwa yuko kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. Nimemwamkia shikamoo kwa utani. Ameitikia marahaba bila utani.

Nimeomba simu. Amehifadhi picha ya orodha ya jana. Amenionyesha kwa kidole upande wa kulia. "Huyu ananitia huruma. Kila siku yuko peke yake. Labda naye ni mjane."

Muuzaji mmoja. Bei ileile ya Kulwa. Hisa 732.

Nimesoma mara mbili. Nikamwuliza yeye alidhani yuko wapi.

"Nyuma yake. Nilipomaliza kuweka zangu nikafungua orodha, nikamkuta tayari yupo."

Nikamwuliza kama hakuona idadi zimelingana.

"Niliona. Nikasema kumbe hata hisa zina Dotto wake."

Nimemwambia, "Kulwa, huyu ni wewe."

Mteja akauliza bei ya mchele. Akaitaja, akapima, akafunga mfuko, akarudisha chenji. Hakukosea. Ndipo aliponigeukia.

"Nimemhurumia wiki nzima," amesema. "Hata kanisani, kwenye sala za Jumatano, nilimwombea."

Akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka. Amejifuta kwa pindo la kitenge. Mama Shija akauliza kuna nini. Kulwa akamjibu, "Nimejikuta sokoni."

Nimekaa chini kando ya kigoda chake mpaka mchele ulipokwisha. Nampenda sana huyu mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Kulwa ameshusha bei mwenyewe, hadi walipokuwa wanunuzi wadogo watatu. Zimeondoka zote kabla ya saa tano. Hospitali inalipika. Nauli na malazi ya Mwanza, hapana. Nilijua hivyo. Sikusema.

Jioni amepiga. Bila salamu.

"Nauli utalipa wewe. Na chumba." Akakata.

Nimesimama na simu mkononi kama mjinga.

Jumatatu, 17 Machi
Mwanza. Amelazwa. Muuguzi ameuliza nani yuko na mgonjwa. Kabla sijajibu Kulwa amesema, "Mdogo wangu. Anachelewa kuelewa, lakini yupo."

Jumatano, 19 Machi
Upasuaji umekwisha. Salama. Nimempigia Limi. Halafu nimekwenda nyuma ya jengo, nikakaa peke yangu kidogo.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua tangu alfajiri. Wamemsimamisha leo. Fremu ya kutembelea ameikataa, kisha ameikubali, kisha ameiacha akashika bega langu. Tumekwenda hadi dirishani. Ni mzito kuliko nilivyodhani.

Tumetazama mvua. Baadaye amesema turudi polepole, nisimkimbize.