Nimemsafisha Bibi wa Watu Nusu Uso

Mpendwa Shangazi,

Nisaidie, naandika nimesimama maana kiti hakikaliki, mimi ni fundi wa kutunza picha za kale kwenye makumbusho, na mezani kwangu kuna picha ya rangi ya mafuta ya mama mmoja wa zamani, ameletwa na mjukuu wake, mzee ambaye hana sura nyingine ya bibi yake ila hii, na vanishi ya juu imezeeka ikawa kahawia mpaka mama wa watu anaonekana kama amekaa kwenye moshi. Mwenzangu wa maabara, tunamwita Hadubini, alibandua chembe ya rangi ndogo kuliko punje ya chumvi ili aikate atazame matabaka yake, akaniambia, "Dada, nakujua. Usimguse mpaka nikuonyeshe vanishi inaishia wapi na rangi ya mchoraji inaanzia wapi," nikamjibu sawa kaka, na kweli nilikusudia, ila ruhusa ya mkuu wangu ya kujaribu kipande cha ukubwa wa stempu nilikuwa nayo, pembeni ya sikio, basi nikachovya pamba kwenye dawa, nikazungusha taratibu, ikatoka kahawia kama chai ya rangi, na chini yake ngozi ikang'aa, Shangazi, ikang'aa mpaka nikacheka peke yangu, nikasema niongeze kidogo, nikaongeza, nikafika shavuni, nikasema siwezi kuishia katikati ya shavu, na nilipokuja kushtuka mama wa watu upande mmoja yuko harusini na upande wa pili yuko msibani.

Sasa shavu safi naona kama limepauka, labda ni mwanga wa dirisha tu, pamba za mwisho sikuziangalia sana, na Jumatatu mzee anakuja, na majibu ya maabara nayo yanatoka siku hiyo hiyo, nazunguka meza kama kuku anayetaka kutaga, mama yangu akiniuliza "Una nini wewe?" nasema kichwa. Moyo mmoja unaniambia nimalizie shavu la pili yafanane, nani atajua, mwingine unaniambia nikimbie kazi. Nifanye nini?

Mikono Moto

Mikono Moto mwanangu,

Kaa kwanza. Na kama umeshika pamba, weka chini, mimi nasubiri.

Ya haraka na baraka sikuimbii, umeimbiwa tangu chekechea na haikukuingia. Nakuonea huruma kweli. Kuona sura ya mtu inatoka gizani mikononi mwako ni ulevi, na hata mimi nisingeacha upesi. Lakini barua yako nimeisoma mara ya pili. Pamba ya kwanza umenieleza rangi yake mpaka nikatamani chai, halafu za mwisho "hukuziangalia sana". Wewe, unayelipwa kwa macho? Uliziangalia, mwanangu, na zilikuwa na wekundu. Unaogopa kwamba pamoja na vanishi umeondoa na rangi ya shavu aliyoipaka mchoraji mwenyewe, na ndiyo maana hutulii.

Huenda ni hivyo, huenda sivyo. Mimi shangazi wa gazetini sina mashine, Hadubini anazo. Mficha uchi hazai. Mpigie leo, usingoje akukute Jumatatu umejikunyata nyuma ya mlango, umwambie, "Kaka, nimevuka mpaka." Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Akimaliza mpe pamba zote, hata zilizo kwenye pipa la taka, apime aseme ni vanishi au ni rangi. Kisha mwambie mkuu wako kabla mzee hajafika, na mzee mwambie wewe mwenyewe, mbele ya picha, bila maneno ya kitaalamu ya kujifichia. Unaweza kufukuzwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, utapata pengine. Ila habari ya kukimbia iache, maana hiyo mikono utakimbia nayo.

Na shavu la pili, najua vidole vinakuwasha, usiliguse. Ndilo pekee lililobaki la kuonyesha la kwanza lilikuwaje, na kama kuna cha kurudishwa, kitarudishwa kwa kulitazama hilo. Ukiliosha nalo, hata mzee akitaka kukusamehe hatajua anakusamehe nini.