Glavu Nyeusi ya Cormac

Troy, Septemba 1883

Kwa dada yangu Honora,

Pokea salamu zangu, na ninaomba zikukute mzima, wewe na watoto, na kile kikohozi cha kiwandani kiwe kimepungua. Sisi huku hatujambo. Goti langu linanisumbua mvua ikinyesha, lakini bado nashona tandiko la farasi kwa siku moja, kazi ambayo mafundi wengine wa mtaa huu wanaifanya kwa wiki nzima na farasi bado analalamika.

Barua yako nimeipata. Unasema majirani wa huko Lowell wanakucheka, eti mwanao Cormac, mdakaji maarufu wa besiboli, kakutwa uwanjani kavaa glavu kama bibi anayekwenda kanisani. Na unataka kujua kama klabu imemfukuza. Nitakueleza yote, ila ngoja nianzie mwanzo, maana hao majirani wameanzia mkiani.

Unajua aliyemfundisha kudaka ni mimi, usimsikilize mtu mwingine. Enzi zangu nilidaka mpira uliopigwa kutoka ng'ambo ya mto Hudson, mkono mmoja, na mwingine umeshika bia, na bia haikumwagika. Cormac ana damu hiyo. Tangu klabu ya hapa imwajiri, hata ndevu zikiwa hazijamjaa vizuri, amekuwa akisimama nyuma ya mpigaji, karibu kabisa na gongo, mikono mitupu kama wadakaji wote wa kweli. Na mrushaji wetu, yule Eckert, anatupa mpira ambao huuoni, unausikia tu ukipita. Watu walikuwa wanakuja uwanjani kutazama mikono ya mwanao. Nami kwenye baa ya Mulvihill nilikuwa nawaambia kwamba mpwa wangu ana viganja vya chuma, ukimpa msumari anaupigilia kwa kofi. Aliyebisha nilimwambia aende akampe mkono, halafu arudi tuhesabu vidole vyake.

Kumbe ni nyama tu, dada, kama vyangu na vyako.

Kiangazi hiki nilimwona mezani kwangu haoni raha, viazi hamenyi, anavila na maganda. Nilipomuuliza akasema amechoka tu. Nikaamini. Halafu wakaja wale wa Albany kucheza nasi. Mtu wao mmoja, Van Loon, pande la mtu, alikuwa anakimbilia kituo cha mwisho, pale anapokaa mdakaji, apate pointi, akamvaa Cormac wakaanguka wote wawili. Van Loon akainuka na kitu mkononi. Kiglavu chembamba, kimekatwa vidole, kimepakwa rangi ya ngozi ya mtu ili kisionekane. Akakiinua juu, akauliza uwanja mzima ni binti wa nani kadondosha. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamwuliza Cormac mwavuli wake kauacha wapi. Mulvihill mwenyewe, aliyekaa kando yangu, akaniinamia na kuniuliza kwa adabu kabisa kama siku hizi chuma kinashonwa kwa sindano. Nikavuta kofia mpaka puani, na wewe unanijua.

Nyumbani nikamwambia aweke mkono mezani. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimevimba kama mkate, katikati cheusi, na kidole kidogo kimelala hakiinuki. Nikamuuliza kwa nini alijishonea kile kitambara kwa siri, na mjomba wake analala juu ya ngozi na nyuzi. Akaniambia angeanzia wapi kuniambia, na mimi kila jioni niko kwa Mulvihill natangaza kuwa yeye ni chuma.

Daktari akasema mpira mwingine ukimpiga vibaya pale, mkono huo hautafumba tena. Na Bwana Pruitt, meneja wa klabu, akatuma neno kwamba Jumamosi Cormac aje mikono mitupu, au asije. Dada, mwanao alikuwa tayari kwenda mikono mitupu. Alishapiga na viatu rangi.

Ndipo nikakaa kwenye kazi. Nikachukua ngozi nyeusi ya matandiko, ile nene, nikajaza singa za farasi, nikashona glavu inayoonekana hata na mtu aliyebaki Albany. Nikamwambia kwamba kicheko kipo tu, basi heri wacheke kitu kilichoshonwa vizuri. Akaitazama sana, akaivaa, akapiga ngumi katikati yake, akacheka kidogo.

Jumamosi walimzomea mpaka sauti zikawakauka. Kuna mtu alimtupia kofia ya kike yenye maua. Akaiokota, akaiweka kando taratibu isichafuke, akarudi mahali pake. Akadaka kila kitu. Eckert, ambaye kumbe siku zote alikuwa anamhurumia, siku hiyo alirusha kwa nguvu zake zote, na wapigaji wa timu ngeni wakawa wanapiga hewa. Tukashinda. Bwana Pruitt akangoja watu watawanyike, akamwambia achukue vitu vyake.

Ndiyo, dada. Amefukuzwa. Nimezunguka kote huko kwa sababu sikutaka kuliandika hilo neno. Hakuna klabu nyingine iliyomwita bado. Lakini kidole kimeanza kuinuka, na jana kafunga kamba za viatu mwenyewe. Anakuja kwako Alhamisi kwa treni. Ukimpokea usimkamate mkono kwa furaha, mshike bega.

La mwisho. Waliyemweka mahali pa Cormac ni kijana kutoka Utica. Juzi kapita mlango wa nyuma wa karakana yangu, akaomba nimshonee ile ile, ila ya rangi ya ngozi ya mtu. Nikamwambia ninazo nyeusi tu. Akanyoosha mkono nimpime. Ameniomba nisimwambie mtu, nami nimemwahidi, kwa hiyo mpaka sasa unajua wewe, na baa ya Mulvihill.

Nisalimie watoto, na mwambie Padri kwamba nasali, hata kama haamini.

Ni mimi ndugu yako,
Fintan Geraghty, fundi wa matandiko na glavu