Kigango Kwenye Theluji

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimerudi kutoka kazini asubuhi, shingo imevimba kwa magunia. Mchele tena. Kontena moja likiisha, jingine linafunguliwa mdomo. Nilitaka godoro tu — Lynnette akanikamata mlangoni.

"Chengo, usilale kwanza. Leo nina kazi yako ambayo si ya kubeba."

Lynnette ndiye mwenye nyumba wangu hapa Magongo, Changamwe. Mbele ana banda la video, nyuma kuna chumba kimoja, ndicho changu. Kati yetu ni ubao mwembamba. Wakicheka huko, kitanda changu kinatikisika.

Kazi yenyewe ni diski. Si hizi za kunakili za kila siku — ni blurei, katuni ya Kijapani, ndani ya kasha gumu lenye kijitabu cha picha. Yeye anaiita anime. Dereva mmoja wa lori alimletea pamoja na mashine yake, kutoka kwenye mzigo wa mitumba ya Japani. Anataka kuionyesha Jumapili watoto wakitoka kanisani. Lakini kwanza mtu aitazame mpaka mwisho. Picha vipi, sauti vipi, inaganda au haigandi, ina mambo ya aibu au haina.

Nikamwuliza kwa nini mimi.

"Ile filamu ya Desemba uliniambia mbele ya watu ni takataka. Wengine wote walinisifu, na ukumbi ukabaki mtupu. Wewe huna haya. Nakutaka hivyohivyo."

Mimi wa darasa la sita! Leo mkaguzi wa sinema.

Jumanne, 4 Februari

Nimeitazama yote. Ukumbi mtupu, pazia limefungwa, joto la kaskazi linachemsha mabati. Naandika kabla sijasahau.

Picha: sijaona kitu kama hiki. Kwenye diski za kunakili, weusi huwa kama moshi. Hapa weusi ni weusi — ukiutazama sana unaogopa kutumbukia. Theluji inaanguka na kila chembe ina kivuli chake.

Sauti: mlango unafunguliwa nyuma yako! Niligeuka kuona nani ameingia.

Maandishi ya chini: Kiingereza, tena yanakimbia. Nusu nimesoma, nusu nimekisia.

Haigandi. Haina matusi wala watu uchi.

Hadithi: binti ameajiriwa kwenye duka la vitu vikuukuu, katika mji wa baridi, mbali na kwao. Kila asubuhi anapangusa vumbi na kuamkia vitu. Anaiamkia saa ya ukutani. Anaamkia birika. Anaamkia mwanasesere asiye na jicho. Kuna kitu kimoja tu hakiamkii — mti mrefu umeegemezwa pembeni, gizani. Akifika hapo anateremsha macho na kupita. Mpaka filamu inaisha hatuambiwi kwa nini.

Nzuri. Ila pale anapopita sikupapenda. Kwetu kumpita aliye kimya bila kumwamkia ni tusi.

Jioni dada yangu Dama amepiga simu kutoka nyumbani, Ganze. Baba anatetemeka kwa baridi. Ganze! Mwezi wa pili! Amefunikwa blanketi juu ya blanketi na bado meno yanagongana. Zahanati wamempima malaria, hana. Mchungaji amemwombea, hakupoa. Mwenyewe anasema si yeye anayesikia baridi, ni baba yake.

Baba yake ni babu Chengo, ambaye nimepewa jina lake. Dama ananong'ona simuni kama mtu aliye msibani: "Ni kile kigango. Tangu waking'oe, mzee hana pa kukaa." Wezi walikichomoa kama muhogo, wakaenda kukiuza. Nguzo waliyochongewa wazee wa Gohu, chama cha wakubwa wa Kigiriama, watulie humo wakishakufa! Mtu anaiuza kama kiti.

Nimemwambia Dama amtilie baba chai ya tangawizi.

Jumatano, 5 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Lynnette alitaka kujua kama kuna mahali pa kutisha watoto. Nikasema niangalie tena pale dukani. Nilikuwa nimepitia kwenye mangwe, kilabu cha pombe ya mnazi, nikabeba mnazi kidogo kwenye chupa ya soda, ninywe nikitazama. Binti akapangusa, akaamkia, akafika kwenye ule mti. Nikabonyeza rimoti, picha ikasimama. Nikaenda mpaka karibu na kioo cha runinga.

Kichwa cha mviringo, bapa. Shingo nyembamba. Ua la duara kifuani. Kisha pembetatu, zimepangwa mpaka chini, na mstari wa kushoto una pengo — pembetatu moja haikuchongwa. Fundi alikuwa amelewa siku hiyo. Nyumbani walimtania babu miaka yote: alikufa na pengo la meno, akachongewa na pengo lake! Nilicheza chini ya kigango hicho. Kidole changu kinalijua pengo hilo.

Kwenye diski ya kunakili ningeona doa la kahawia, basi. Hii imenionyesha mpaka nyufa za mti.

Babu yuko Japani. Kwenye theluji. Shingoni hana hata kipande cha kitambaa, vile vya kumfunika tulivyomfungia vimevuliwa. Na yule binti anampita kila siku kama mkosi.

Nililia, sioni haya kuandika. Halafu nikafanya adabu ambayo binti hakuifanya. Nikamwamkia kwa Kigiriama. Nikamwaga mnazi kidogo kwenye saruji, mbele ya runinga. Nikasema, "Babu Chengo, karibu. Karibu ukae."

Nilipokwisha kusema ndipo nikajua nilichofanya.

Koma, roho ya marehemu, haitwi! Kila mtoto wa kwetu anajua. Marehemu unamfuata alipo, unammwagia miguuni pake, unasema shida yako, unarudi. Hakuna anayemwambia karibu. Karibu wapi? Mimi nimesema, ndani ya nyumba ya watu, kwa jina lililo lake na langu.

Picha ilikuwa bado imesimama. Binti hakusogea, mkono wake hewani na kitambaa. Lakini kwenye dirisha la duka, nyuma yake, theluji ilikuwa inaanguka.

Nimechomoa waya ukutani.

Alhamisi, 6 Februari

Dama amepiga alfajiri, anacheka na kulia. Baba amepona! Ameyatupa mablanketi, ameomba sima na mboga ya mchunga, ameuliza nani amefungia mbuzi vibaya. "Kama hakuumwa vile, kaka."

Nikamshukuru Mungu. Huku nimevaa sweta mbili.

Zamu ya mchana leo. Jua la Kipevu, huku bandarini, linapasua lami, na mimi chini ya gunia natetemeka. Wenzangu wakanicheka. Mmoja akasema, "Huyu amelala ndani ya kontena la samaki!" Nikacheka nao, meno yakagongana.

Wakati wa mapumziko nikaenda kwa Jerioth, muuza chai wa getini. Akanipa kikombe. Akamimina na kingine, akakishikilia.

"Na hiki cha mzee wako. Mbona unamsimamisha juani na umri ule?"

"Mzee gani, mama?"

Akatazama nyuma yangu. Akakaa akitazama. Halafu akakimwaga kile kikombe taratibu, akaanza kufunga biashara. Mchana! Watu wamepanga foleni!

Sikugeuka. Nimekunywa chai yangu yote, sikuisikia moto.

Ijumaa, 7 Februari

Nilitaka kuwa na uhakika. Labda macho ya mlevi. Kwenye diski kuna sehemu ya nyongeza, jinsi walivyoitengeneza, sikuwa nimeitazama. Leo nimeitazama, nimejifunga blanketi.

Wachoraji wanaonyesha duka lenyewe, la kweli. Walikwenda na kamera wakapiga picha kila kitu, kisha wakachora. Saa ipo. Birika lipo. Na kigango kipo — si mchoro, ni mti! Pengo lipo kushoto. Bwana mmoja mwenye miwani anakipiga kofi begani kama rafiki yake, anasema, maandishi ya chini niliyasoma mara nyingi nisikosee: hatukujua hiki ni nini, ila kila aliyekaa kukichora aliomba koti. Wenzake wanacheka.

Basi. Hakijachomwa, hakijaoza. Kimesimama.

Nikaenda kutoa ripoti yangu.

"Usiionyeshe," nikamwambia Lynnette.

"Kwani picha mbaya?"

"Picha nzuri kupita kiasi."

"Sauti?"

"Nzuri."

"Sasa shida iko wapi, Chengo?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, na mnazi pia. Alinisikiliza, nisimseme vibaya. Mwisho akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Wewe una homa, na unakunywa juu ya homa. Nenda ulale. Watu wa huku mna mambo! Nimeshabandika karatasi kanisani, watoto wanahesabu siku. Niwaambie nini — babu ya mpangaji amekataa?"

Akacheka. Lakini mkono wake aliutoa haraka, akaupangusa kwenye leso.

Jumamosi, 8 Februari

Dama tena. Habari nzito.

Wazee wamekaa. Wamekubaliana kwamba kigango cha zamani kimekwisha, kwa moto wa wachoma makaa ama kwa mchwa, na baba asije akashikwa tena. Wamechonga kipya. Kesho alasiri wanakipanda. Linatakiwa neno la mtu mmoja tu: mwenye jina. Mimi.

"Utasema tu 'kipandwe', kaka. Nitaweka simu wasikie."

Nikamwuliza: na ikiwa cha zamani bado kiko mahali?

Nikasikia amesogea mbali na watu. Kisha akanieleza alivyosema mzee mkubwa kuliko wote. Mtu mmoja hapandiwi viwili. Cha zamani kikiwa bado kimesimama na ukapanda kipya, yule aliyekuwa mle ndani amekatwa. Si wenu tena, hatawasumbua tena, na hatarudi. Atabaki pale alipokaribishwa mwisho.

"Kwa nini waniuliza hivyo, Chengo?"

Nikasema nimeuliza tu.

Nimefikiri mchana kutwa. Nikisema kweli, wazee hawapandi. Babu atabaki bila pa kukaa nyumbani, na atarudi kwa nani? Kwa baba. Baba hatamaliza wiki. Nikisema kipandwe, baba amepona moja kwa moja, na babu anabaki alipokaribishwa mwisho. Yaani kwangu. Mgongoni kwangu, mpaka nife.

Mimi nina mabega. Nimebeba saruji, nimebeba mchele, nimebeba sukari ya watu. Na jina ni lake. Nitasema kipandwe.

Nimeamua. Hata nimepata usingizi kidogo.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani, miguu haina damu. Niko kitandani, blanketi na sweta na gunia. Naandika ili mkono usigande.

Ukumbi umejaa. Nasikia watoto, bisi, akina mama wakiwatuliza. Dishon ameshika kipaza sauti — yeye ndiye hutafsiri filamu hapa, ya kweli anatia na ya kichwani mwake anatia. Watoto wanampenda. Anasema kwa sauti ya birika, anasema kwa sauti ya saa, ubao wangu unatikisika kwa vicheko.

Simu. Ni Dama. Nimeiweka juu ya godoro, imefunguliwa sauti. Nasikia upepo wa nyumbani na wazee wakikohoa. Shimo limechimbwa. Wamekishika mikononi, hakitakiwi kuguswa na udongo kabla ya neno langu. Baba mwenyewe yuko, amesimama kwa miguu yake! Ananisalimu kwa mbali.

Dama anasema wanamalizia dua, ningoje kidogo.

Nangoja.

Dishon amefika dukani.

"Haya mwoneni huyu dada! Birika ameliamkia, saa ameiamkia, mzee wa watu amemruka! Ana adabu huyu?"

"Hanaaa!"

"Na sisi wa Changamwe, tunayo hatunayo?"

"Tunayooo!"

Hapana. Dishon, hapana. Nimepiga ubao kwa ngumi — wanadhani nashangilia.

"Basi mkaribisheni! Semeni: karibu babu!"

"KARIBU BABUUU!"

"Njoo ukae nasi!"

"NJOO UKAE NASIII!"

Imetoka. Ile baridi ya mgongoni — imetoka mara moja, kama gunia likishushwa. Jasho linanitiririka machoni. Gunia nimelitupa, sweta zinanichoma.

Huko mbele, alikokaribishwa mwisho sasa, hakuna anayecheka.

Muziki wa filamu unaendelea peke yake. Sasa ni Lynnette: "Dishon, zima hiyo feni, watoto wanatetemeka."

Na Dishon, bila kipaza sauti: "Feni gani, madam? Feni iko kwa fundi."

"Kaka?" Dama anaita. "Wamemaliza. Wazee wote wanakusikiliza. Kipandwe?"

Mtoto mmoja ameanza kulia huko, taratibu, kama anayeota.

"Chengo? Sema, mikono inawachoka."

Nina joto. Tangu Jumatano sijapata joto hili, na mdomo wangu umeshafunguka.